Marubani wa Anga la Katanga, 1961–1963, na Ushahidi wa Watu wa Chini

Bel-Air ni mtaa wa komini ya Kampemba, upande wa mashariki wa jiji la Lubumbashi. Jina lake ni la Kifaransa, na maana yake ni hewa njema. Historia ya mitaa ya upande huu wa mji haiwezi kuandikwa bila kutaja hewa, au kwa usahihi zaidi anga, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Luano uko kaskazini-mashariki mwa mji huohuo, na baina ya mwaka 1961 na 1963 uwanja huo pamoja na barabara iendayo huko viligombaniwa kwa silaha zaidi ya mara moja. Wakati huo mji uliitwa bado Elisabethville, na Moïse Tshombe alikuwa ameutangaza kuwa makao makuu ya nchi aliyoiita Katanga huru, tangu tarehe 11 Julai 1960.

Makala haya yanahusu marubani waliopigana katika anga la nchi hiyo ambayo haikutambuliwa na dola lolote. Habari zao zimeandikwa sana, hasa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswidi, na baadhi yao waliziandika wenyewe. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba katika vita hivi rubani alipewa nafasi ya shahidi hata pale alipokuwa mtuhumiwa, ilhali mtu aliyesimama chini akitazama juu alinyimwa nafasi hiyo, na kwamba suala kubwa kuliko yote lililobaki bila jibu katika vita vya Katanga limebaki hivyo kwa sehemu fulani kutokana na kosa hilo.

Neno rubani lenyewe lafaa kuangaliwa kidogo. Katika pwani ya Afrika Mashariki rubani alikuwa kwanza mtu wa bahari, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyeongoza chombo hadi kikaingia bandarini salama. Ndege zilipokuja, neno lilipanda nazo angani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi chombo chenyewe huitwa ndeke, neno ambalo kwa Kilingala ni ndege mwenye manyoya. Rubani wa zamani aliyajua maji aliyoyapita kwa kuwa alizaliwa kando yake. Wale walioruka juu ya Katanga walikuwa kinyume chake: takriban wote walikuwa wageni wa nchi waliyoishambulia, na wageni wa nchi waliyodai kuitetea.

Ndege moja

Serikali ya Tshombe ilianza na vyombo vilivyoachwa na jeshi la kikoloni. Miongoni mwavyo zilikuwamo ndege ndogo za uchukuzi aina ya Dove, ambazo zilifungwa silaha na kutumiwa kurusha mabomu katika mapigano ya kaskazini mwa Katanga dhidi ya Wabaluba waliompinga Tshombe. Mtu anayesoma masimulizi ya vita vya anga vya Katanga hukutana na sehemu hii kwa ufupi mno, pengine kwa sentensi moja. Sababu si ngumu kuiona. Waliokuwa chini ya mabomu hayo ya mwanzo walikuwa wanavijiji, na hapakuwa na mwandishi wa gazeti la Ulaya miongoni mwao.

Mnamo Februari 1961 zikaletwa kutoka Ufaransa ndege tatu aina ya Fouga Magister. Ziliwasili Luano zikiwa zimepakiwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Yafaa kukumbuka kwamba katika uwanja huohuo, mwezi mmoja kabla yake, tarehe 17 Januari 1961, ilitua ndege iliyowaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito wakiwa wamefungwa. Usiku wa siku hiyo wote watatu waliuawa. Fouga haikuwa ndege ya kutisha kwa vipimo vya wakati ule. Iliundwa kwa ajili ya kufundishia marubani, ina injini mbili ndogo za jeti na mkia wenye umbo la herufi V, na silaha zake zilikuwa bunduki mbili za rashasha pamoja na mabomu madogo. Moja kati ya zile tatu ilianguka mwezi Juni. Nyingine ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa tarehe 28 Agosti 1961, walipoanza kuwakusanya na kuwafukuza maofisa wa kigeni na mamluki waliolitumikia jeshi la Katanga. Ikabaki moja, nayo ilikuwa Kolwezi.

Ndege hiyo moja ndiyo iliyotawala anga katika juma la tarehe 13 Septemba 1961, Umoja wa Mataifa ulipojaribu kwa nguvu kukomesha utengano. Mpango huo ulitegemea kwamba Katanga ingesalimu amri upesi, na hakuna aliyeona haja ya kuleta ndege za kivita wala mizinga ya kutungulia ndege. Matokeo yake ni kwamba jeshi la kimataifa lililoungwa mkono na Baraza la Usalama lilijikuta likijificha kwenye mahandaki kila mlio wa jeti uliposikika. Fouga iliruka mchana, ikapiga na kurejea Kolwezi bila kufuatwa. Iliharibu ndege za uchukuzi za Umoja wa Mataifa zilizoegeshwa uwanjani, ikashambulia vituo vya askari mjini Elisabethville, na ikawashambulia pia Waairishi waliozingirwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Rubani wake anayetajwa mara nyingi zaidi ni Mbelgiji aliyeitwa Magain.

Jadotville inastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa inaonyesha jinsi rubani mmoja anavyoweza kuamua mambo bila kuua watu wengi. Waairishi hao, watu 150 na ushei chini ya Kamanda Pat Quinlan, walipigana kwa siku tano na hawakupoteza hata askari mmoja kwa kifo. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiliwa kwenye daraja la mto Lufira. Msaada pekee uliowafikia ulikuja kwa helikopta moja iliyoendeshwa na Mnorwe na mwenzake Mswidi, waliotua katikati ya risasi wakiwa wamebeba maji. Maji hayo hayakunyweka, kwa kuwa madumu yalikuwa yametumika kuwekea dizeli. Tarehe 17 Septemba Quinlan alisalimu amri. Aliishiwa na maji na risasi, na juu ya yote hakuwa na chombo chochote cha kuizuia ndege ile isirudi kesho yake. Nguvu ya Fouga haikuwa katika mabomu yake. Ilikuwa katika kukosa mpinzani.

Kuchelewa kwa Wahabeshi

Mpinzani alikuwapo, lakini mbali. Ethiopia ilikuwa na ndege za kivita aina ya Sabre, na katika siku hizohizo Umoja wa Mataifa uliomba zipelekwe Kongo. Njia ya kutoka Addis Ababa ilipita katika anga la makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na ilihitaji ruhusa ya kutua Uganda kwa ajili ya mafuta. Ruhusa ilicheleweshwa. Waingereza walikuwa na maslahi katika shaba ya Katanga na urafiki na watawala wa Rhodesia, ambao walimpenda Tshombe waziwazi, na ni vigumu kuamini kwamba kuchelewa huko kulikuwa kwa makaratasi tu. Sehemu hii ya historia inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, na inashangaza kwamba katika vitabu vya shule vya nchi zake haimo.

Kwa kukosa ulinzi wa angani, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alipoamua kwenda kukutana na Tshombe huko Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, alisafiri usiku. Ndege yake aina ya DC-6, iliyoitwa Albertina, iliondoka Léopoldville alasiri ya tarehe 17 Septemba 1961. Rubani hakutoa taarifa ya njia atakayopita, akanyamaza redioni kwa saa nyingi, na akazunguka upande wa mashariki ili kulikwepa anga la Katanga. Yote hayo yalifanywa kwa kuihofu ndege moja ya mafunzo. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, ikiwa inakaribia kutua, Albertina ilianguka katika msitu yapata kilomita 15 magharibi ya Ndola. Waliokuwamo walikuwa 16. Mmoja tu alipatikana hai, naye alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Wachoma makaa wa Ndola

Uchunguzi wa kwanza ulifanywa na serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, yaani na watu waliokuwa na sababu ya kutotaka ulete matatizo. Mapema mwaka 1962 tume yao ilikata kauli kwamba chanzo kilikuwa kosa la rubani, aliyeshuka chini mno. Rubani wa Albertina alikuwa amekufa na hakuweza kujitetea. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyofuata mwaka huohuo haikukubali kwenda mbali kiasi hicho. Ilisema haikuweza kuondoa uwezekano wa kushambuliwa wala wa kuhujumiwa.

Katika msitu ule walikuwamo wachoma makaa. Kazi yao ni ya usiku kama ilivyo ya mchana, maana tanuri la makaa halilali. Likiachwa bila mlinzi huwaka na kuwa majivu. Kwa hiyo walikuwa macho, nje, wakiitazama mbingu ambayo hapakuwa na taa ya mji kuififisha. Baadhi yao walisema kwamba waliiona ndege kubwa ikija na ndege nyingine ndogo pamoja nayo, na kwamba waliona mwanga au moto angani kabla ya ile kubwa kuanguka. Tume ya Rhodesia iliuona ushahidi wa aina hiyo kuwa hautegemeki. Waafrika hawa, kwa maoni yake, walichanganya mambo, au walivutwa na chuki zao za kisiasa dhidi ya Shirikisho. Ikumbukwe pia kwamba wachoma makaa waliofika mapema penye mabaki walishtakiwa na kufungwa kwa kuchukua vitu vilivyokuwamo. Mtu aliyeona jirani yake akifungwa kwa sababu ya kufika pale atafikiri mara mbili kabla ya kwenda kueleza alichokiona.

Mambo yalikaa hivyo kwa takriban miaka 50. Ndipo Mswidi Göran Björkdahl alipokwenda Ndola kuzungumza na wazee waliokuwa bado hai, na mwanahistoria Susan Williams akatoa kitabu chake mwaka 2011 kilichofufua suala zima. Tume ya wanasheria iliyoongozwa na Stephen Sedley ilisema mwaka 2013 kwamba kulikuwa na sababu ya kutosha kwa Umoja wa Mataifa kulifungua tena jalada hilo. Kazi hiyo ilikabidhiwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia mwaka 2010 hadi 2017. Yeye na wenzake wawili waliwasilisha ripoti ya kwanza mwaka 2015, na baadaye aliendelea peke yake. Katika ripoti yake ya mwaka 2017 alisema kwamba ni jambo linaloweza kuaminika kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha au lilichangia kuanguka kwa ndege hiyo, na katika ripoti zilizofuata amesisitiza kwamba baadhi ya nchi hazijafungua kumbukumbu zao zote. Muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya ni kwamba maneno ya mashahidi wa Kiafrika yalichukuliwa safari hii kuwa ushahidi, wa kupimwa kama ushahidi mwingine wowote.

Kutoka hapo maswali yanarudi kwa marubani. Je, Fouga ya Kolwezi ingeweza kufika Ndola usiku ikapigana na kurudi? Waliokanusha walitaja masafa na ukosefu wa vifaa vya kupigania gizani. Waliojibu walisema palikuwa na viwanja vya udongo vilivyo karibu zaidi, na kwamba Katanga ilikuwa na ndege za aina nyingine pia. Jina la rubani Mbelgiji Jan van Risseghem, aliyekufa mwaka 2007, lilitajwa hadharani mwaka 2019 katika filamu ambamo mtu aliyejiita rafiki yake alidai kwamba marehemu alikiri kwake. Familia yake imekana, na haijathibitishwa. Hata hivyo yafaa kulinganisha mambo mawili. Neno la rafiki mmoja wa rubani, lililosemwa miaka mingi baada ya tukio, lilitangazwa duniani kote katika siku chache. Neno la wachoma makaa waliosema wakati wa tukio lenyewe lilingoja nusu karne.

Anga lajaa

Baada ya aibu ya Septemba, Umoja wa Mataifa ulijipatia jeshi la anga. Mnamo Oktoba 1961 ziliwasili ndege tano za Kiswidi aina ya J 29, zilizoitwa Tunnan, yaani pipa, kwa sababu ya unene wa kiwiliwili chake. Pamoja nazo zilikuja Canberra za India za kikosi namba 5, na hatimaye Sabre nne za Ethiopia. Wahabeshi hawa ndio marubani wa Kiafrika walioendesha jeti za kivita katika vita hivyo. Habari zao ni haba kuliko za wenzao wote, na mwanafunzi wa historia anayejua Kiamhari angepata hapo kazi ya maana.

Mapigano ya Desemba 1961 yalianza kwa ugomvi wa vizuizi vilivyowekwa barabarani baina ya mji na uwanja wa Luano. Canberra za India ziliruka safari ndefu kwenda kuupiga uwanja wa Kolwezi, na kuanzia hapo Katanga haikuwa tena na anga lake. Lakini marubani wa Umoja wa Mataifa sasa walipiga pia mjini kwenyewe, kwa mizinga na roketi, katika mji uliokuwa umejaa raia na wakimbizi. Hospitali ya Shinkolobwe nayo ilipigwa. Madaktari 46 wa Elisabethville walichapisha kijitabu mwaka 1962 kuwalaumu askari wa Umoja wa Mataifa, na kijitabu hicho kilisambazwa sana na marafiki wa Tshombe waliokuwa Ulaya na Marekani. Kilikuwa cha propaganda, ndiyo, lakini malalamiko yake hayawi ya uongo kwa sababu hiyo. Aliyekuwa kitandani hospitalini hakujali kama rubani aliyekuwa juu yake alitumwa na New York au na Kolwezi.

Mwaka 1962 Tshombe alijaribu kujenga upya jeshi lake la anga na akalikabidhi kwa mtu wa ajabu kidogo. Jan Zumbach, Mpoland aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa miongoni mwa marubani mashuhuri wa kikosi namba 303 kilichoitetea London mwaka 1940, na ndege yake ilichorwa picha ya bata Donald Duck. Baada ya vita aliingia katika biashara za siri, na huko Katanga alijulikana kwa jina la bandia la Brown. Alikusanya ndege za zamani aina ya T-6 na marubani wa mataifa mbalimbali wenye kulipwa kwa mkataba. Tarehe 29 Desemba 1962, siku moja baada ya Umoja wa Mataifa kuanza mashambulizi yake ya mwisho, ndege za Waswidi ziliupiga uwanja wa Kolwezi na kuziharibu nyingi za ndege hizo zikiwa chini. Zilizosalia zilikimbilia Angola. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alitangaza kwamba utengano umekwisha. Zumbach aliendelea na kazi yake. Mwaka 1967 alikuwa Biafra, na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake. Tshombe naye, mwaka huohuo wa 1967, alitekwa akiwa ndani ya ndege na kupelekwa Algeria, ambako alifia mwaka 1969.

Waswidi hawakupoteza ndege yoyote kwa risasi za adui. Walipoondoka mwaka 1963 waliziharibu baadhi yake papo hapo kambini, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha kwao ilizidi thamani yake.

Kilichohifadhiwa mjini

Haiwezi kusemwa kwamba watu wa Lubumbashi walinyamaza. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia ya Elisabethville kama ilivyojulikana na watumishi wa nyumbani, na maandishi hayo yalitolewa kitabu na Johannes Fabian mwaka 1990. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake kwa picha zaidi ya 100, vita vya Katanga vikiwamo, na akaieleza kila picha kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Kuanzia mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya kumbukumbu za wakazi katika mradi wa kumbukumbu za mji. Kwa hiyo nyenzo zipo, na lugha yake ni Kiswahili. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma kando ya daftari za safari za marubani, saa kwa saa, kama Jaji Othman alivyolazimika kuyasoma maneno ya wachoma makaa kando ya rekodi za mnara wa Ndola.

Kazi hiyo ina mpaka wa muda. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 katika mtaa wa Bel-Air mwezi Septemba 1961 sasa amepita 70. Maswali ya kumwuliza si makubwa: ndeke ilitokea upande gani, jua lilikuwa wapi, ilikuwa ya mlio gani, ilirudi mara ngapi, na nani alikuwa amesimama naye uani.